Vifungo Vitatu Vilivyobaki

Fundi cherehani waliyemwita Bi Mkasi, kwa ukali wa ulimi wake, aliligeuza shati la mwalimu, damu ikamchemka. Lilikuwa limeletwa kwa mara ya nne, na kila mara kifungo kingine kimetoka. Uzi wenyewe haukuchakaa hata kidogo. Ulikatwa kwa wembe.

"Leo huyu mwalimu asiponiambia neno, namtoa moyoni," alinong'ona shoga yake kwenye cherehani ya pili. "Sijui hata kama ananitaka. Na wewe usije ukatia mdomo wako. Niapie!"

Bi Mkasi aliapa shingo upande, siri ya wembe akabaki nayo.

Saa kumi mwalimu akaja. Akapokea shati, akakohoa, akamtupia shoga jicho, kisha akatazama sakafu.

"Haya, asanteni," akasema, akageuka.

Shoga akakanyaga cherehani kwa kasi, machozi yakimlengalenga. Bi Mkasi akauma meno. Mguu wa mwalimu ulikuwa umeshafika kizingitini.

"Mwalimu!" akaita. Aliapa kutosema mambo ya mapenzi. Ya kazi hakuapa. "Shati lako lina vifungo saba, vinne umeshavikata. Hivyo vitatu vikiisha, utakuja na nini?"

Cherehani ya pili ikanyamaza.