Chuo cha Ng'ombe

Baba yangu alipata habari kwamba nimechagua chuo cha mifugo akiwa mnadani Endasak, mbele ya wanaume wenzake, na haki ya Mungu sijui kama kuna mahali pabaya zaidi pa kupatia habari ile. Mwalimu wangu wa sekondari alimkuta amesimama penye ng'ombe wanaouzwa, akampa mkono, akamwambia, "Hongera mzee, binti yako anakwenda kusomea ng'ombe." Alisema kwa furaha, maskini, hakuwa na nia mbaya. Wazee wote wakageuka kumwangalia baba.

Sisi ni Wabarabaig. Kwetu mtoto hafundishwi ng'ombe shuleni, kama ambavyo hafundishwi kutembea. Ng'ombe unafundishwa na baba yako, naye alifundishwa na baba yake. Kwa hiyo mtu akisema binti wa fulani amekwenda chuoni kusomea ng'ombe, watu wanaelewa jambo moja tu, kwamba huyo fulani hakumfundisha mwanawe kitu. Mzee mmoja mnadani aliuliza kwa sauti, "Kwani ng'ombe wako umewasahau, mpaka serikali ikufundishie mtoto?" Wakacheka. Baba alichukua fimbo yake akarudi nyumbani kwa miguu, na ng'ombe aliyekwenda kumuuza akarudi naye.

Niseme ilivyokuwa. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalitoka mazuri, mazuri mno kwa msichana wa huku tambarare, na nilipata nafasi mbili. Moja ilikuwa ya udaktari wa watu, kwenye chuo kikuu kikubwa Dar es Salaam, chuo ambacho ukikitaja hata mwenye duka Katesh anaacha kupima sukari akuangalie vizuri. Nyingine ilikuwa ya afya ya mifugo, kwenye chuo kidogo ambacho hata majirani zake sidhani kama wanajua kinafundisha nini. Baba alikuwa anaijua ile ya kwanza tu. Alishaitangaza kila boma, kuanzia kwetu mpaka kule ng'ombe wanakokwenda kulamba magadi kando ya ziwa Balangida. Wanawake walikuwa wameshaanza kumwita mama yangu Mama Daktari, na mama, ambaye hapendi makuu, alikuwa anaitikia.

Nilipofika nyumbani jioni ile ya mnada nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Maishani mwangu baba hakuwahi kuniacha na shikamoo yangu mkononi. Nilisimama pale kama mjinga.

"Ni kweli?" akauliza hatimaye.

"Ni kweli, baba."

"Udaktari umekushinda?"

"Haujanishinda. Siutaki."

"Hutaki nini? Hutaki watu wapone?"

Jamani, utamjibu nini mtu anayekuuliza hivyo? Nilijaribu. Nilimwambia kwamba shuleni walitupeleka hospitali, sisi wa sayansi, tukazungushwa wodini, na mbele ya kila kitanda nilitaka kukimbia. Sikuwa na huruma wala hamu ya kujua, nilikuwa na woga tu na kichefuchefu. Nilimwambia kwamba mbele ya ng'ombe anayekufa sijawahi kutaka kukimbia. Ng'ombe akiumwa nataka kukaa palepale nimtazame macho, nimnuse pumzi, nijue. Nikamkumbusha yule mtamba mwekundu aliyeshindwa kuzaa kwenye kiangazi kile kibaya. Mkono wa baba ulikuwa mnene, haukupita. Akaniita mimi, nikiwa bado mdogo wa kuchunga ndama, akanipaka mafuta mpaka begani, akaniambia, "Ingiza. Usiogope. Tafuta miguu." Akawa ananielekeza kwa maneno kitu ambacho mimi nilikuwa nakishika gizani kwa vidole. Nilizipata kwato, nikapata pua. Tulimtoa ndama jike, mwekundu kama mama yake, na baba akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla, akasema, "Huyu ni wako."

"Hapo ndipo nilipochagua chuo," nikamwambia. "Ni wewe uliyenichagulia."

Nilidhani nimesema neno la kumlainisha. Weee! Alisimama.

"Kama nilikufundisha," akasema, "unakwenda kufundishwa nini tena?"

Akaingia ndani. Mpaka leo nikiwa peke yangu huwa napanga maneno ambayo ningemjibu.

Kwetu mtu akisafiri mbali, baba yake huchukua maziwa kinywani akampulizia kichwani, yale matone madogo madogo, na kumtakia njia njema. Binamu yangu alipokwenda jeshini alipuliziwa, na hata ndugu aliyekwenda tu kuuza vitunguu Arusha alipuliziwa. Asubuhi ya kuondoka kwangu niliinama mbele ya baba na kibuyu kilikuwa pale, kimejaa. Akasema, "Siwezi kumbariki mtu anayekwenda kutangaza kwamba mimi sijui ng'ombe." Akatoka na fimbo yake. Mama alinipaka samli kidogo kwenye paji la uso, akawa analia na kunigombeza kwa pamoja, eti nina kichwa kigumu kama cha babangu. Nilipanda pikipiki kwenda kutafuta basi na kichwa changu kikavu, na nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya, hasira ya kutaka hata pikipiki ipinduke.

Chuo chenyewe kilikuwa kama nilivyokitaka. Mabweni yanavuja, maji ya shida, ugali wa jana. Lakini asubuhi tulikuwa na ng'ombe, na mwalimu aliyekuwa anaingia zizini na mabuti, anatuuliza, "Huyu ana nini?" na mimi nilikuwa najua. Siyo kila mara. Ila nilikuwa najua pa kuangalia, na nilipokosea nilitaka kujua kwa nini. Wenzangu wa sekondari walikuwa wananitumia picha za majengo marefu ya chuo kikuu, nami nawatumia picha za kwato. Nilikuwa na furaha, na ile furaha ilikuwa inanichoma kila nilipopiga simu nyumbani, kwa sababu baba alikuwa hapokei. Mama alikuwa anasema, "Yupo, hajambo, amekaa hapa." Nikisema mpe simu niongee naye, haipokei.

Mwaka wa pili, mvua za kwanza ziliponyesha baada ya kiangazi kirefu, mama alinipigia mwenyewe. Ng'ombe wangu mwekundu, yule niliyemtoa kwa mkono wangu, alikuwa amekufa ghafla. Jioni alikunywa maji vizuri, asubuhi wamemkuta amelala, tumbo limevimba.

"Mama, puani kuna damu?"

"Ipo. Nyeusi."

"Imeganda?"

"Haijaganda. Inatiririka tu."

Tulikuwa tumefundishwa hilo muda si mrefu. "Baba yuko wapi? Mpe simu. Mama, mpe simu, mwambie ni ng'ombe."

Na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nikasikia pumzi ya baba sikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, usimpasue huyo ng'ombe. Tafadhali. Ni kimeta. Achimbiwe shimo refu azikwe mzima na ngozi yake, asiguswe kwa mkono, na wengine wachanjwe."

Wazee wetu ng'ombe akifa ghafla humfungua, wakasoma ini, bandama na mapafu, wakajua kilichomuua. Baba alikuwa msomaji mzuri. Watu walikuwa wanamfuata kutoka mbali aje awasomee.

"Huyu ni ng'ombe wako," akasema. "Nataka kujua amekufa na nini."

"Nimekuambia ni kimeta."

"Umeniambia kwa simu. Umemwona?"

"Baba..."

"Ungekuwa daktari, ukaniambia usile hiki, usishike kile, ningenyamaza nikakusikiliza. Ungenizidi. Lakini kwenye ng'ombe? Mimi? Nifundishwe na wewe?"

Akakata simu. Nilipiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Nikampigia afisa mifugo wa kata, akaniahidi atakwenda na chanjo. Kesho yake mama akanipigia, sauti yake nyepesi kabisa. Baba amewakataza watu wote kumla yule kibudu, amesimamia kuni mwenyewe, wamemchoma mpaka majivu. Afisa mifugo amekuja, ng'ombe waliobaki wamechanjwa, na baba ndiye aliyewashika pembe.

Nililia kwa furaha. Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikalia, nikamwambia rafiki yangu, "Baba yangu amenisikia!" Alinikumbatia. Siku zile nilitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo, nikawa najiambia nitakaporudi likizo nitamkuta kwenye kigoda chake, nitamsalimia na ataitikia.

Hakuwa amenisikia. Alikuwa amempasua kwanza, peke yake, alfajiri iliyofuata simu yangu, kabla watu hawajakusanyika. Aliingiza mikono, akaitoa bandama, akaiona imevimba na imekuwa nyeusi kama lami. Akajua. Ndipo akanawa mikono, akawaita watu, akaagiza kuni. Mpaka alipolazwa hakumwambia mtu kwamba ameingiza mikono, na hakumwambia mtu kwamba binti yake alishasema. Kilipotokea kidonda kwenye kidole, kile kidonda cha kimeta, cheusi katikati, kisichouma, alikificha chini ya shuka lake la lubega. Mkono ulipovimba aliusingizia mwiba. Kwenda hospitali ilikuwa ni kukiri jambo, akakataa kulikiri, mpaka homa ikampanda na shingo ikavimba, na mama akamkuta hawezi kumeza uji. Hapo ndipo mama akambeba kumpeleka hospitali.

Nilisafiri kutwa nzima mpaka hospitali. Waliompokea walifanya yote ya kufanya. Daktari aliyenieleza alikuwa kijana aliyenizidi miaka michache tu, alisomea chuo kilekile nilichokikataa, na aliniambia kwa upole kwamba dawa ipo, tena dawa ya kawaida kabisa, angeletwa mapema angetembea mwenyewe kurudi nyumbani. Nilimwangalia koti lake jeupe. Ningevaa lile koti, baba angenionyesha kidole. Angekitoa mwenyewe chini ya lubega, angesema, "Daktari wangu, hebu angalia." Mimi nilikuwa wa ng'ombe. Niliusoma ugonjwa nikiwa mbali, kwa maneno mawili ya simu, na hata hivyo sikustahili kuonyeshwa kidonda. Wapo wanaoniambia kila mtu afuate kilicho ndani yake na yote yatakaa sawa. Sijibishani nao. Nilichagua kinachonifaa, na ningekichagua tena, na baba yangu amekufa.

Nilimkuta macho yamefumbwa, shingo imejaa mpaka kidevu kimepotea. Nilitaka kukimbia, kama siku ile ya shule. Nilishika chuma cha kitanda nikabaki.

"Shikamoo, baba."

Alifumbua macho. Alisema kwa shida, neno moja moja.

"Marahaba. Wale wengine... wamesimama?"

"Wamesimama wote, baba. Chanjo imewashika."

"Na yule jike mzee, mama yake mwekundu?"

"Naye. Nimemuuliza afisa. Anakula."

Alipumzika kidogo. Mama alikuwa upande wa pili, amekumbatia chupa ya chai iliyotiwa maziwa matupu ambayo hakuna aliyeyanywa.

"Bandama ilikuwa nyeusi," baba akasema. "Mliambiwa hivyo? Huko?"

"Tuliambiwa, baba."

"Waliwaambia damu haigandi?"

"Waliwaambia... walituambia, ndiyo." Nilikuwa nababaika kama niko kwenye mtihani.

"Wanajua," akasema. Halafu akamgeukia mama, akamwonyesha chupa kwa macho.

Mama alidhani ana kiu. Akamwinua kichwa, akamtia kijiko cha maziwa mdomoni, na baba hakumeza. Aliyashikilia kinywani, akanitazama mimi. Nikaelewa kabla ya mama. Nikainama. Nikamsikia anavuta pumzi, anajaribu, mashavu yanatetemeka, pumzi haina nguvu ya kupuliza, shingo imefunga. Alijaribu tena. Maziwa yakaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka kwenye ule uvimbe, na macho yake yakajaa aibu, baba yangu, mtu aliyepulizia watoto wa ukoo mzima.

Nikapiga magoti sakafuni, nikaingiza kichwa changu chini ya kidevu chake, na nikakaa hapo mpaka yakadondoka yote.

Alikata kauli mchana ule, na kabla ya jua kuzama alikuwa ametutoka. Tulimrudisha nyumbani nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Katesh, mimi na mama tumekaa ubavuni kwake, vumbi linaingia kila mahali. Mama alinivuta kichwa akanilaza mapajani, kisha akanusa nywele zangu, akasema zinanuka maziwa yaliyochacha, nikanawe tukifika. Nikamwambia siendi kunawa.