Nilimuuliza mzee wa Mulot ni wangapi walirudi kutoka vitani, akachukua fimbo akatoka

Wakuu, nawasalimu kutoka Kapkatet, mahali nilizaliwa na sijawahi kuona sababu ya kuhama.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nikitia chumvi, binamu yangu ako humu ndani na atanianika.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four nikarudi kwa chai yetu, na safari yangu ndefu ilikuwa kupeleka majani buying centre. Mama husema hata kuku wetu wametembea kunishinda.

Miaka kadhaa iliyopita akaja mwanahistoria, tumwite Daktari Nyambura, mama wa makamo kutoka Nyeri. Alikuwa anaandika kitabu juu ya wanaume wa huku waliochukuliwa kubebea Waingereza mizigo vita vya kwanza, na vile waliishi baada ya kurudi, miaka ya ishirini na thelathini, chai ikianza kupandwa.

Alitaka mtu wa kumtafsiria Kipsigis. Binamu akanitaja. "Huyo anajua mila zote," akamwambia.

Wakuu, mila nilizojua ni za kwa sofa yetu.

Wabebaji wenyewe walishakufa wote, so tulikuwa tunatafuta watoto wao. Soin tulifika tukakuta mzee amezikwa wiki iliyotangulia. Kericho tukapata mama anayekumbuka blanketi ya babake tu, na rangi hana uhakika.

Akabaki mmoja. Mzee arap Koros, ng'ambo ya Mulot. Yeye mwenyewe alipigana vita vya pili, na babake alibeba mizigo vita vya kwanza. Akiwa kijana miaka ya thelathini, wale wabebaji walikuwa wakikutana kwa babake kunywa na kusimulia. Majina yote yalikuwa kwa kichwa chake, na kichwa kilikuwa kimepita miaka tisini.

Asubuhi ya kwenda, gogo, yaani nyanya yangu, akanishika mkono. Babake alikuwa na mdogo wake, Kipkemoi, aliyechukuliwa na hiyo vita kabla gogo azaliwe. Babake alikufa akimngoja.

"Uliza tu kama alirudi," akasema. "Hata kama ni hapana, niletee."

Hiyo ndiyo ilinipandisha gari. Sio kitabu.

Kabla tufike Bomet nilikuwa nimeshauliza mara tatu kama tumefika. Daktari akaniambia ningekuwa mbebaji ningerudishwa siku ya kwanza. Nikamwambia hiyo ndiyo ingekuwa plan.

Mzee alitupokea vizuri. Chelangat, mke wa kijana wake, akatuletea mursik, maziwa ya kibuyu. Recorder ikawashwa.

"Muulize," Daktari akasema, "kutoka kilima hiki walienda wangapi, na wangapi wakarudi?"

Nikatafsiri neno kwa neno, na sauti ya mtangazaji wa redio.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kapkatet."

"Na kwenu hakuna mtu mkubwa?"

Akachukua fimbo, akaenda kwa kondoo wake.

"Umemwambia nini?" Daktari akaniuliza.

"Vile umesema!"

Chelangat alikuwa anacheka amejifunika mdomo na leso. "Nyinyi mnahesabu watu? Hapa hata ng'ombe hatuhesabu. Tunaangalia rangi, tunajua nani hajafika."

Kwa wasio wa huku: kuhesabu watu ni kama kuwaitia kifo. Ukiuliza mtoto ndugu zake ni wangapi, anakutajia majina. Na nilijua! Gogo alinichapa kwa hiyo nikiwa mdogo. Ni ile recorder ilinipanda kichwani.

Nikaona jibu la gogo likitoka na ile fimbo.

"Mfuate," Chelangat akaniambia. "Muombe akupitishe nyumba kwa nyumba."

Nikamfuata. "Mzee, nimekosa. Sikuja kuhesabu mtu. Naomba unipitishe tu, nyumba kwa nyumba, nani alirudi kwa mlango wake."

Akanionyesha kondoo mwenye kwato mbovu. "Shika huyu."

Nikashika. Kondoo akanipiga teke la goti nikakaa chini kwa mavi. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akaegemea ua na kuanza.

Alianzia nyumba ya chini. Huyu alirudi na mguu umevimba. Huyu alirudi akakataa kulala ndani ya nyumba. Pale, mlango ulibaki hivyo tu. Daktari alikuja polepole na recorder, akaandika bila kupumua.

Mzee alipomaliza nikauliza, "Na Kipkemoi wa kule kwetu?"

"Yule wa meno yaliyotokeza mbele?"

"Meno siyajui, mzee."

"Alirudi."

Wakuu, nilishika ua.

Alirudi akakuta kwao si kwao. Watu wamehamishwa, miche ya chai imepandwa, askari wa shamba anamuuliza kipande, kile kitambulisho cha mkoloni. Hakuna aliyejua ndugu zake walielekea wapi. Akafuata wenzake wa vita upande huu, akaoa, akazeeka. "Wajukuu wake ni wale," mzee akasema. "Paa ya bluu."

Nilimpigia gogo simu palepale. Nikamwambia Kipkemoi alirudi.

"Basi baba alikuwa anangoja mtu aliye hai," akasema. "Hakuwa mjinga."

Wiki iliyofuata tulimpeleka. Kwa ile paa ya bluu alitoka mwanaume mwenye meno hayohayo yaliyotokeza mbele. Gogo alimwangalia akamshika mashavu, akamgombeza kama mtu aliyechelewa kutoka sokoni. Kurudi alilala njia yote mdomo wazi, nami nikamwambia dereva apunguze mwendo.

Nilichojifunza: mtu mzee hakunyimi jibu wewe, anainyima adabu mbaya. Na uliza sasa, kabla uanze kufika matangani.

Kwenu je, kuna mtu alichukuliwa na vita na hamjui aliishia wapi? Mtajeni hapa, na jina la kwao. Huwezi jua nani anasoma huu uzi akiwa chini ya paa gani.