Kusimama Mbele ya Mama Mkwe

"Utakufa kabla hujavuka mlango."

Hayo ndiyo maneno niliyoandikiwa na kiongozi wa kikosi chetu, kijana mmoja wa Dar es Salaam, siku nilipomwambia kwamba nataka kuwa tanki. Akaongeza kuwa tangu aanze kucheza hajawahi kuona tanki aliyetoka Tunduma, na kwamba alisikia intaneti ya kwetu hukatika lori likipiga honi. Kaka yangu, anayelima kahawa Ruanda kule Mbozi, alinipigia simu makusudi. "Mdogo wangu, umetoka Afrika Kusini na stashahada yako, una watoto wawili, halafu unakaa kwenye kiti unapigana na mijusi? Hata hiyo mijusi itakushinda." Mke wangu aliguna tu, na mguno wake naujua.

Nawaandikia hapa wasome wote watatu. Niliweza.

Mimi si mtu wa kubebwa. Niliondoka nyumbani Ihanda na begi moja, nikafanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala Johannesburg kwa miaka saba, na jioni nilikuwa nasoma. Stashahada yangu ya teknolojia ya habari iko ukutani ofisini kwangu, hapa karibu na forodha, ninapowaandalia madereva nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia. Kompyuta ninayochezea niliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na hakuna aliyenisaidia hata kukaza skrubu. Kwa hiyo mtu akiniambia siwezi, huwa sijibu. Naanza kazi.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Watu watano, kila mmoja kwenye mji wake na kompyuta yake, wanaingia pamoja kwenye dunia moja ya mchezo, kila mmoja akiendesha mhusika wake. Watatu ni washambuliaji. Mmoja ni mganga, anayewaponya wenzake wakijeruhiwa. Wa tano ni tanki. Tanki anatangulia, anamchokoza adui ili hasira zote zimwelekee yeye, kisha anapigwa. Kazi yake ni kupigwa. Wenzake wanaua, yeye anapigwa, na akilala chini kwa sekunde tatu tu, wote wanne wanamfuata.

Watu wengi wanakimbia kazi hiyo kwa sababu lawama zote zinakuja kwako. Mimi niliitaka kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanzo nilikosea kama wanavyokosea wote. Nilikuwa nakimbiza kila mnyama niliyemwona, kama dalali anayekimbilia kila lori linaloingia stendi. Nikajifunza kwamba tanki hakimbizi. Anasimama mahali pamoja, anabonyeza kitufe cha uchokozi, na adui wanakuja wenyewe. Kisha nikajifunza kumgeuza adui. Joka linalotema moto linatema kule linakotazama, basi tanki analizungusha ili litazame ukuta, na wenzake wabaki upande wa mkia. Hilo nililielewa haraka kuliko vijana wa mjini, maana nimekua nikiongoza maksai kwenye jembe. Ukivuta kamba vibaya, ng'ombe wa mbele anageuka na mfereji wote unapinda. Nilifanya mazoezi kila siku baada ya kufunga ofisi, saa nzima, kwa miezi mitatu. Kijana wa Dar akaacha utani.

Shida ikabaki kwenye zana. Tanki bila dirii nzuri, yaani vazi la chuma la kujikinga, ni kuku, na dirii nzuri haipatikani dukani. Inatengenezwa kwa vitu vinavyodondoshwa na majoka makubwa, ambayo huwezi kuyakabili bila hiyo dirii. Wenzangu wakanikopesha. Kijana wa Dar alinipa dirii yake ya akiba. Mshambuliaji mmoja, nesi wa Mbeya, akanipa kofia ya chuma. Mwingine, mwanachuo wa Morogoro, akanipa glovu na viatu. Mganga wetu, ambaye wakati huo nilimjua kwa maandishi tu, alinipa ngao aliyokuwa ameihifadhi kwa mwaka mzima.

"Jumapili tatu," kijana wa Dar akaandika. "Joka Jekundu lisipoanguka ndani ya Jumapili tatu, unarudisha kila kitu, na namchukua tanki wa Arusha. Sina ubaya na wewe."

Nilikubali. Tukapanga saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Mganga akauliza kama ni saa tisa ya Tanzania, maana yeye yuko Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, na kwao itakuwa saa nane. Nilifurahi kusikia tuna jirani.

Joka Jekundu halipigwi kwa kuandikiana. Mambo yanaenda kasi, lazima msikilizane kwa sauti. Jumapili ya kwanza tukavaa maiki wote. Kila mmoja akasalimia. Sauti ya mganga ikaingia, ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, yenye Kiswahili cha ng'ambo.

"Mwapoleni bonse! Hamjambo wanangu? Mimi ni mwalimu mstaafu, msinicheke nikichelewa kubonyeza."

Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama. Akaweka beseni chini.

"Hiyo sauti ya nani?"

"Mganga wetu wa Nakonde."

"Huyo ni mama mdogo wangu!" akanong'ona huku ameshika mdomo. "Mdogo wake mama! Yule tuliyekuwa tunafikiri anasahihisha madaftari kwenye kompyuta!"

Mimi ni Mnyiha na mke wangu ni Mnamwanga, lakini kwenye jambo hili pande zote mbili ziko sawa. Mama mkwe na dada zake hawasemeshwi uso kwa uso. Ukikutana naye njiani unashuka pembeni, unainamisha kichwa, unampisha. Huli mbele yake, humwiti, na kumwamuru ndiyo usiseme kabisa, mpaka siku upande wao utakapokupikia na kukufungua, yaani kukuondolea mwiko huo. Mimi nilikuwa sijafunguliwa, kwa sababu tulioana nikarudi kazini Johannesburg, na nilivyorejea kila mtu alikuwa na shughuli zake. Mama huyu nilimwona siku ya harusi tu, kwa mbali, kajitanda kitenge. Sauti yake sikuwahi kuisikia.

Nilitoka jasho hadi maiki ikalowa. Wenzangu hawakujua kitu. Tukaingia. Mbele ya pango la joka kuna lango jembamba, mnapita mmoja mmoja, na tanki ndiye anayetangulia. Nilifika langoni, nikaona mhusika wa mama mkwe yuko nyuma yangu na fimbo yake nyeupe, na mkono wangu ukafanya wenyewe ulichofundishwa tangu utotoni. Nilisogea pembeni. Nikampisha.

Akatangulia. Joka likamwona yeye kwanza. Likatema.

"Mama yangu weee!" akapiga kelele, na jina lake likageuka jivu kwenye kioo. Sekunde kumi baadaye tulikuwa majivu wote.

Kisha kijana wa Dar, polepole: "Samahani. Nauliza tu. Tanki gani anampisha mganga mlangoni? Ulikuwa unamkaribisha chai?"

"Intaneti," nikasema. Nilidanganya, na nilichukia kudanganya, kwa sababu intaneti yangu ilikuwa nzuri kuliko yake.

Jumapili ya pili nilitangulia kweli. Nililishika joka, nikaligeuza ukutani, washambuliaji wakaanza kazi. Lakini joka likipungukiwa nguvu hupiga mkia, na mganga lazima arudi nyuma hatua kumi papo hapo. Tanki ndiye anayeuona mkia ukianza kuinuka, kwa hiyo tanki ndiye anayesema. Niliuona. Nikamwelekea kijana wa Dar.

"Kiongozi," nikasema, "naomba umwambie mama aliyeko nyuma kwamba, kama itampendeza..."

"Nimwambie nini?"

"...kwamba kuna mkia unakuja."

"Si umwambie mwe..."

Mkia ukapita. Mama mkwe akaruka hewani, akagonga mwamba, akafa. Na sisi tukamfuata.

"Kaka," alisema nesi wa Mbeya kwa sauti ya kumhurumia mgonjwa, "una tatizo lolote nyumbani?"

Kijana wa Dar hata hakutukana. Alisema tu kwamba yule wa Arusha ameshaulizwa na yuko tayari. Nilizima kompyuta, nikakaa nikiifikiria stashahada yangu iliyoko ukutani ofisini. Nilikuwa najua kila kitu cha kazi ile. Namba nilizijua, hatua nilizijua. Kilichonishinda ni kumwambia mtu neno moja, "Rudi!", na sikuona chuo kinachofundisha hilo.

Mke wangu alifanya jambo ambalo sikumwomba. Alivuka mpaka Jumatano, akakaa kwa mama yake mdogo mchana mzima, akarudi bila kuniambia chochote. Ijumaa wakaja wanawake watatu wa upande wao, na beseni kichwani limefunikwa kitenge kipya. Ndani kulikuwa na kuku mzima, hajapungua hata kidole, na nshima nyeupe, ugali wa kwao, na karanga za kusaga. Mkubwa wao alipiga magoti sebuleni, akapiga makofi taratibu, akasema maneno yao ya desturi. Halafu akakohoa, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma kama barua ya shule:

"Mama mdogo anasema hivi. Alifikiri tanki wao ni kiziwi. Sasa amejua ni mkwe. Anasema kula, na ukishakula umefunguliwa. Anasema amekufa mara mbili kwa sababu ya heshima yako, na ya tatu hataki. Jumapili upige kelele. Amemaliza."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nilikula. Nilikula na paja, na shingo, na firigisi ambayo ni ya mkwe, nikajaza beseni lao zawadi, maana beseni halirudi tupu. Usiku ule nililala kama mtu aliyevuliwa koti zito.

Jumapili ya tatu kijana wa Dar alianza kwa kusema, "Leo ni ya mwisho, tusipotezeane muda." Nilisalimia. Kisha nikasema, mbele ya wote: "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mukwai," akaitika kwa neno la heshima la ng'ambo. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Basi twende."

Wale watatu hawakuelewa. Langoni nilipita wa kwanza, kifua mbele. Joka likatema, nikakinga kwa ngao, nikaligeuza ukutani kama maksai mwisho wa mfereji. Mkia ulipotikisika nilisema, na sauti yangu ilijaza nyumba nzima: "Mama, rudi nyuma!" Akarudi. "Simama! Niponye!" Akaniponya. "Kulia! Kulia, mama, siyo huko!" "Kulia kwangu au kwako?" "Kwako!" "Sema basi!" Nesi wa Mbeya alikuwa anacheka huku anapiga mishale. Nguvu zangu zilishuka hadi kipande chembamba chekundu, na wengine wangekimbia. Mimi sikukimbia. Nilibonyeza uchokozi tena ili joka lisimtazame mwingine yeyote, nikahesabu pumzi zake, nikaita, "Mama, sasa!" na nuru nyeupe ikaniinua kutoka kwenye kaburi.

Joka Jekundu lilianguka kwa upande. Mwanachuo wa Morogoro alipiga yowe hadi maiki yake ikakwaruza. Kijana wa Dar akasema kitu ambacho nimekihifadhi neno kwa neno: "Nitamwambia wa Arusha atafute kikosi kingine."

Kuanzia hapo hatukushindwa tena na joka lile. Tuliliangusha kila Jumapili, na kila likianguka nilipata magamba, mifupa na chuma cha kutengenezea zana zangu. Sikuvaa kitu cha mtu siku moja zaidi ya ilivyohitajika. Mtu akinikopesha, hata kwenye dunia ya kuchora, sipumui vizuri mpaka nimrudishie.

Siku zana zangu zilipokamilika niliwaita wote kwenye uwanja wa mji wa mchezo, mbele ya kisima. Nilimkabidhi kijana wa Dar dirii yake. "Ungebaki nayo tu," akasema. Nikamwambia aichukue, na aangalie kama ina mkwaruzo. Nesi wa Mbeya akapokea kofia yake, mwanachuo akapokea glovu na viatu, na kila mmoja nilimwongezea gamba moja la joka, kwa sababu mimi sirudishi kitu kikiwa vilevile.

Ngao nilimrudishia mama mkwe mwisho. Nilimsogelea mhusika wake uso kwa uso, jambo ambalo kabla ya kufunguliwa lisingewezekana, nikaibonyeza ngao iende kwake pamoja na magamba matatu.

"Imefika," akasema. Kisha, baada ya kuikagua: "Umeitunza."

"Sasa sidaiwi na mtu," nikawaambia wote.

"Haudaiwi, baba," mama mkwe akasema.