Gari ya Mzee Haroub na Mguu wa Mtu Mwingine

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwasha injini yoyote. Fundi Mkuu wa gereji ya Mlandege alinilaza chini ya lori, akanipa chupa na mpira mwembamba, akanambia nitoe upepo kwenye breki. Kazi yenyewe ni hivi: mwenzako anakanyaga pedali juu, wewe chini unalegeza skrubu ndogo nyuma ya gurudumu mpaka mafuta ya breki yatoke bila povu. Upepo ukibaki ndani, pedali huzama na gari haisimami. Nilirudi nyumbani macho yananiwasha.

"Gari isiyowaka haijaua mtu," alinambia Fundi Mkuu jioni ile. "Jifunze kwanza kuisimamisha."

Nilikaa kwake miaka sita, kisha nikachukuliwa karakana ya idara moja. Msimamizi wa Karakana alikuwa mtu wa daftari. Gari haikutoka getini mpaka fundi aandike kasoro zake na kutia saini. "Saini ni ushahidi," alikuwa akisema. "Ukiitia kwenye uongo, umeshuhudia uongo." Hapo nilifanya kazi mpaka mvi zikaanza, na ndipo Mzee Haroub wa Kiembe Samaki aliponiomba niitunze gari ya marehemu baba yake.

Ilikuwa gari nyeusi ya Kiingereza, imenizidi umri. Mzee Haroub, karani mstaafu, hakuikodisha kamwe, bali aliwaazima jamaa na majirani kwa harusi. Mimi niliionea hofu. Gari za leo mafuta ya breki hupita njia mbili, moja ikivuja nyingine inakuokoa. Ile ilikuwa na njia moja tu. Nilimwekea Mzee sharti kwamba isitoke bila mimi kwenye usukani, akakubali. Alilivunja mara moja kumridhisha shemeji yake, gari ikarudi giaboksi imekatika jino, na shemeji anaapa kwamba hakufanya kitu.

Mwaka wangu wa mwisho, siku ya Alkhamisi, niliona pedali inazama. Mipira ya masta ilikuwa imechoka. Masta ni ile pampu inayosukuma mafuta unapokanyaga. Ukikanyaga mara moja ilikwenda chini kabisa, ukikanyaga ya pili ndiyo inashika. Mipira mipya niliiagiza Dar, haijafika. Nikamwambia Mzee gari isitoke.

Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu kwamba dada yangu amefariki Makunduchi. Nilipita Kiembe Samaki kuaga, nikamkuta Nassor, mtoto wa ndugu yake Mzee, amesimama uani na kanzu ya harusi. Wakwe zake walikuwa wakingoja Mahonda.

"Ami, watu wote wanajua nakwenda na gari ya babu," alisema.

Mzee Haroub akanitazama mimi. "Kwenda na kurudi tu, Fundi. Nimwambieje leo?"

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuondoka nazo. Lakini nilikuwa na msiba, nataka kuondoka, na Nassor nilimjua kuwa mtu makini. Nilimkalisha kwenye usukani, nikamkanyagisha pedali mara mbili, mara mbili, mpaka mguu wake ukazoea.

"Nshafahamu, Fundi Makame," alinambia. "Mara mbili, na mapema."

Nikampa funguo.

Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki: bwana harusi haendeshi. Alipofika mjini wenzake walimcheka, wakamkalisha nyuma, na rafiki yake akashika usukani. Nassor alimwambia habari ya breki, lakini katikati ya vigelegele na honi, yule akaitikia bila kusikia. Gari yake mwenyewe ilikuwa mpya.

Kwenye mteremko wa Masingini alikanyaga mara moja. Pedali ikazama mpaka chini. Akadhani breki imekufa, akaukunja usukani kuikwepa gari ya mbele, akapanda ukingoni mwa barabara, alipokuwa amekaa Bi Pili, muuza matunda, na makanda yake ya shokishoki. Bi Pili alikufa pale pale. Nassor alivunjika mbavu.

Habari ilinifika tunatoka makaburini. Nilirudi moja kwa moja kwa Mzee Haroub. Alikuwa barazani, askari wa barabarani ameshakuja na ameahidi kurudi.

"Fundi, watakuuliza," alisema. "Sema Alkhamisi ilikuwa nzima. Tumekula sahani moja miaka mingi."

"Nlikwambia isitoke, Mzee."

"Ulinambia. Kisha ukampa funguo kwa mkono wako."

Ni kweli. Askari aliporudi akaniuliza kama nlijua kasoro ile, nikamwambia naam, nlijua, na Mzee alijua, na funguo nlitoa mimi. Nikatia saini maelezo yangu. Aliyeendesha alifungwa. Mzee na mimi tulihojiwa siku nyingi, kisha tukaachiwa; mpaka leo sijui kama ilikuwa haki. Mzee Haroub hakunita tena. Tukikutana msikitini alinipa mkono huku anatazama pengine.

Baada ya arubaini nilikwenda kwa mtoto wa Bi Pili, mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo," alinambia mlangoni, hajanijua.

"Marahaba. Mimi ndiye fundi wa ile gari. Kasoro yake nliijua."

Akatandika mkeka. "Kaa. Wote waliokuja wametwambia ni kudra."

Hakunisamehe, na sikumuomba. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri, nikaondoka, na spana sikuzishika tena.

Sasa watu wenye gari za zamani huniuliza kama wawaazime jamaa zao. Nami huwajibu kwamba gari ya zamani ina siri zake, siri hizo unazijua mguu mmoja, na mguu hauazimwi. Juma lililopita mtu mmoja wa Darajani alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru sana. Jumamosi niliiona gari yake ikipita imepambwa maua, na aliyeshika usukani si yeye. Mbele palikuwa na watu wanavuka. Nilisimama pale barabarani, mguu wangu wa kulia umekanyaga chini, mpaka nilipoiona imesimama.