Hesabu Zilizoshuka Miguuni

Enzi zetu kule Ijumbi, wilayani Muleba, kila mtoto mwenye masikio alifikiwa, mapema au akichelewa, na uvumi kwamba hesabu zinakaa kichwani kama maji kwenye ndoo isiyo na kifuniko. Ukikimbia zinatikisika, ukiruka zinamwagika, zinapita shingoni, zinateremka tumboni, na mwisho zinatua miguuni, mahali ambapo mwalimu hawezi kuzisahihisha. Niliamini hivyo miaka mingi sana, na wewe unayecheka subiri kwanza, maana leo mimi ni mhitimu wa shule ya jioni pale Bilele, Bukoba mjini. Cheti ninacho, kimetiwa fremu na kioo.

Kabla sijausikia uvumi huo, miguu yangu haikujua kupumzika. Kisima chetu kilikuwa bondeni, na mlima wa kurudi ulisimama wima kiasi kwamba ukiangalia juu kofia inakuangukia nyuma. Tulipanda tukiwa na ndoo kichwani, tukashuka mbio, tukapanda tena. Mpira tulisuka wenyewe kwa majani makavu ya migomba, na mvua ikiunyeshea unakuwa mzito kama ndama. Ukiupiga kwa kichwa, unasahau jina la ukoo hadi jioni. Msimu wa senene, panzi wetu wa kukaanga, tuliwakimbiza tangu umande haujakauka, na nadhani ipo siku tulivuka mpaka tukatokea Uganda bila kujua.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni kukanyaga ndizi. Ndizi za pombe zikishaiva, Tata, yaani baba yangu, alizimenya akazimimina kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi. Sisi watoto tulisuguliwa miguu mpaka ikang'aa, tukaingia kukanyaga. Tata hakusoma sana, ila hakupenda miguu iende bure. Kila hatua ilitajiwa hesabu: saba mara moja, saba, saba mara mbili, kumi na nne. Ukikosea unaanza upya, na juisi nayo inazidi kutoka. Ndiyo maana rubisi ya Tata, pombe hiyo ya ndizi, ilisifiwa mpaka Rubya. Watoto wake tulikuwa wagumu wa kuelewa.

Sasa nikiwa darasa la saba, akaja likizo Muganyizi, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa kidato cha kwanza na mwenye soksi ndefu. Soksi zile zilitosha kumwamini. Akaniambia mtihani umekaribia na mimi narukaruka kama chura, hesabu zote zitaniishia kwenye nyayo. Nikataka ushahidi. Akanionyesha golikipa wetu, aliyedaka kila kitu isipokuwa somo. Nikamuuliza mbona yeye anacheza. Akasema kidato cha kwanza akili zinakuwa zimeshaganda, hazimwagiki tena. Nafasi yangu ya mbele uwanjani akaichukua yeye, kwa huruma tu.

Nikaacha kila kitu. Mpira nikaacha, kisimani nikaacha, hata ngazi ya kanisa niliipanda taratibu kama bibi harusi. Usiku nililala miguu nimeiegemeza ukutani ili zilizokwisha kushuka zirudi. Mama, aliyetamani sekondari yangu kuliko mimi mwenyewe, akaona huo ndio utu uzima. Akabeba ndoo zangu na kunipelekea bitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage pale nilipokaa. Tata alinizunguka wiki ya nne, akatafuna punje zake za kahawa polepole, akasema, "Mtoto huyu anaatamia nini? Mayai yangekuwa yameshaanguliwa."

Ukweli ni kwamba nilianza kuharibika. Nilisinzia juu ya daftari saa nne asubuhi. Usiku usingizi haukuja. Nikawa na hasira, nikagombana hadi na kuku. Nasoma ukurasa, nikiufunga sikumbuki hata rangi ya karatasi. Mimi nikajua ni hesabu zinaendelea kuvuja, nikazidi kukaa.

Siku ya mtihani ikafika. Swali la kwanza likadai saba mara nane. Kichwani kimya. Nikasubiri, kimya. Mara miguu ikaanza yenyewe chini ya dawati, kushoto, kulia, kama niko mtumbwini: saba mara sita, arobaini na mbili, saba mara saba, arobaini na tisa. Nikapigwa na butwaa. Kumbe Muganyizi alisema kweli, hesabu zangu zote ziko huku chini. Mguu wa kulia ulikuwa ndiyo kwanza unainuka kuitafuta saba mara nane, msimamizi akanigusa bega: "Kijana, tulia."

Nikatulia. Na saa nzima iliyobaki nilitulia.

Majina yalipobandikwa, langu halikuwepo. Mama alikuwa ameshanishonea kaptula ya sekondari. Aliikunja, akairudisha sandukuni, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Vijana wa leo wala hawahitaji kudanganywa. Mpwa wangu hapa mjini anacheza mpira kutwa nzima na jasho hamna; kinachokimbia ni kidole gumba. Ukimtuma sokoni kwa miguu anakutazama kama umemwambia aogelee mpaka Mwanza. Sisi tulikatazwa kucheza tukalia, wao wanaitwa kucheza ndipo wanalia. Mwaka jana nilipita Ijumbi jioni. Uwanja wetu umeota nyasi hadi kiunoni, na watoto wamejipanga ukutani, kila mmoja na simu yake, wametulia kama nilivyotulia mimi. Nilisimama pale nikatamani niwagawie hata jioni moja ya zile zetu.

Maana mimi mwenyewe nilijua nimekosea wapi nikiwa na ndevu tayari. Nilipojiunga na shule ya jioni, nilikuwa napanda pikipiki kutoka nyumbani hadi darasani, mwendo wa kutupa jiwe, ili nisizitikise hesabu. Siku moja Mwalimu Zuhura, binti wa mjini, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akafundisha Biolojia, habari za ubongo. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikanyoosha mkono, nikauliza: mtu akikimbia, hesabu huishia magotini au hufika hadi kwenye unyayo?

Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikamweleza yote, soksi za Muganyizi, mtihani, msimamizi, kaptula ya Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka chaki mezani.

"Hesabu hazishuki, kaka," akasema. "Ukikimbia, damu inazidi kufika kichwani, na ubongo unafanya kazi vizuri zaidi. Ungeendelea kucheza, pengine tusingekutana hapa."