Kitunga cha Kalunga Mbele ya Altare

Kwa wiki tatu nzima sikuweza kupita mbele ya kanisa letu hapa Kalemie, nilikuwa nazunguka njia ya nyuma kwenye mchanga, nikisukuma pikipiki za watu badala ya kuziwasha ili mlio usinitangaze, na hata leo kuna mama mmoja wa kwaya akiniona sokoni anafunika pua kwa leso halafu anacheka mpaka anashika meza ya watu asianguke. Ana haki. Aibu ile niliitafuta mwenyewe, na niliipata kwa sababu ya kitambaa kimoja cheupe.

Ngojeni niwaeleze vizuri. Mimi ni fundi wa pikipiki, kibanda changu kiko karibu na daraja la Lukuga, na watu wananiita Papa Neema kwa sababu ya binti yangu Neema, ambaye ana miaka minne (mdomo wake una arobaini). Mwaka huu Mungu akatuongezea kijana, Kalunga, ambaye siku ya mkasa huu alikuwa na miezi miwili, mnono, mpole, mwenye kazi mbili tu hapa duniani, kunyonya na kujaza kushi. Kushi ni vile vitambaa vya kumfunga mtoto mchanga, wengine mnaviita nepi, lakini kubadilisha jina hakupunguzi harufu.

Sasa nilikuwa na siri. Mama Neema alipojifungua alichoka sana, mtoto analia, Neema anataka uji, maji yanachemka yanamwagika, nami siku moja nikajikuta nabadilisha kushi, mara ya kwanza kwa woga, nimegeuza uso pembeni kama mtu anayekata vitunguu, mara ya pili nikazoea, na baada ya wiki mbili mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye kushi kuliko kwenye gurudumu. Nikaanza na kuzifua. Lakini nilizifulia nyuma ya nyumba, nikazianika chini ya shuka ili zisionekane, maana wale vijana wa pikipiki wangejua, ningehama mji. Nikamwambia Neema asimwambie mtu. (Ndiyo, nilimwachia siri mtoto wa miaka minne, msinicheke kabla sijamaliza.)

Basi, mama mkwe akaja na boti kutoka Moba kumwona mjukuu. Kalunga amebeba jina la marehemu mume wake, kwa hiyo alipompokea tu alimwita "bwana yangu", akamuuliza kwa nini alikawia kurudi, akalia kidogo, tukafurahi wote. Kumbe alikuja na neno jingine. Jioni ile Mama Neema akaniita pembeni.

"Mama anasema nimekonda. Anasema Jumanne boti ikirudi Moba, atanibeba pamoja na watoto, tukae kule mupaka Kalunga atembee."

"Mupaka atembee? Huo ni mwaka muzima!"

"Njo vile anasema."

"Si umuambie kama ninakusaidia?"

"Nilimuambia. Alijibu kama wanaume wote wanasaidiaka na mudomo."

Nawaambia ukweli, moyo uliniuma. Niliitazama nyumba, kandambili ndogo za Neema mlangoni, mtoto anakoroma kwenye mkeka, nikajiona nakula ugali peke yangu mwaka mzima nikisikiliza panya. Na sikuweza hata kujitetea, kwa sababu kwetu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso. Humtazami machoni, humshiki, hamli sahani moja, na akipita karibu yako unageuka upande mwingine kwa heshima, neno lako unampa mtoto alifikishe. Yule mama alikaa nyumbani kwangu siku nne na mimi namjua kwa visigino tu.

Jumapili ikafika, siku mbili kabla ya boti. Ilikuwa zamu ya shirika letu kupeleka matoleo kwenye misa, na mama mkwe alikuwa ameleta kutoka Moba maharagwe na ndakala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa, akasema atayapeleka mwenyewe kumshukuru Mungu kwa ajili ya Kalunga. Tulikuwa na vitunga viwili, vikapu vya plastiki vilivyotoka Kigoma, vyote vya bluu, vyote na mikono miwili, tulivinunua pamoja kwa mchuuzi mmoja. Kimoja akakijaza matoleo, akakifunika kitambaa cheupe cha kutarizi. Cha pili kilikuwa cha vitu vya Kalunga.

Mama Neema ni mwimbaji, akatangulia na kwaya. Mama mkwe akatangulia na kitunga chake. Nikabaki na watoto wawili na kitunga cha mtoto, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi. Njiani kwenda kanisani tunapita kwenye kituo cha pikipiki, vijana wote wananijua, nikawaza wataona nini ndani ya kitunga hiki, nikaingia chumbani, nikachukua kitambaa kingine cheupe, ndugu yake na kile cha kwanza, nikafunika. Nikapita pale kituoni kifua mbele. Mmoja akasema, "Papa Neema, leo unatolea Mungu vitu vingi!" Nami nikaitikia kwa kichwa, mwongo mkubwa.

Misa ikaanza vizuri. Wakati wa somo la pili nikasikia Kalunga anatulia, ule utulivu mnaoujua, halafu akawa mwekundu, halafu harufu. Nikatoka naye nyuma ya kanisa, Neema akanifuata, nikambadilisha haraka, ile kushi iliyojaa nikaitupa ndani ya kitunga pamoja na nyingine mbili za asubuhi, nikafunika kitambaa changu. Tuliporudi benchi letu lilikuwa limejaa, tukapata nafasi ya mwisho kabisa karibu na mlango, pale ambapo matoleo yote huwa yamepangwa juu ya mkeka yakingoja. Mtoto begani, Neema mkononi, nikaweka kitunga chini pale ukingoni mwa mkeka. Nilijisemea dakika mbili tu.

Padri akamaliza mahubiri, kwaya ikaanza wimbo wa matoleo, ngoma ikalia, na wamama wa shirika wakaja mlangoni kuchukua vitu vyao. Mama mkwe naye akaja. Sasa mimi ningefanya nini? Nilifanya vile mkwe mwenye adabu anavyofanya, niligeuka nikatazama ukuta. Nilitazama ukuta kwa heshima kubwa, nikahesabu hata nyufa, na nilipogeuka tena visigino vyake vilikuwa vimeshaondoka vinacheza kuelekea altare, na miguuni pangu kulikuwa na kitunga cha bluu kinachonuka ndakala.

Ndakala! Mama mkwe alikuwa hatua sita mbele yangu, kichwani ana kushi tatu za Kalunga, anacheza taratibu, anatabasamu, shukrani ya mwaka mzima. Mtu mwingine yeyote ningemshika bega. Ningemwita. Yule sikuweza hata kulitaja jina lake.

"Neema," nikamnong'oneza, "kimbia, umuambie koko arudi. Kile kitunga hakiko chake."

Neema akakimbia. Nikamwona anamfikia, anavuta kitenge chake, na koko, ndivyo anavyomwita bibi yake, ambaye hakusikia kitu kwa sababu ya ngoma, akafikiri mjukuu anataka kucheza, akamshika mkono. Na Neema, jamani, ukimpa ngoma anasahau hata jina lake. Akaanza kukata kiuno pale katikati ya kanisa, ujumbe wangu ukapotea hivyo.

Nikachukua kitunga cha ndakala nikaingia kwenye mstari. Mstari wa wamama peke yao. Nilijaribu kutembea haraka lakini ukitembea bila kucheza unawakanyaga wenzako, basi nikacheza, mtoto begani, kitunga mkononi, nikipita huyu kushoto, yule kulia, nikisema "samahani mama, samahani mama", na wao wakadhani baba huyu ameguswa na shukrani, wakapiga vigelegele, wakanifungulia njia, mmoja akanipepea na leso. Kule kwenye kwaya nikamwona mke wangu amefungua mdomo na wimbo hautoki.

Nilifika nimechelewa kwa hatua mbili. Padri wetu ana tabia moja, akipokea kitunga anafunua na kuwaonyesha waumini, ili na mashirika mengine yapate moyo. Akakipokea kwa mama mkwe, akakiinua, akasema kwa furaha, "Tuone wandugu zetu wametuletea nini!" Akavuta kitambaa.

Ngoma ikanyamaza. Padri akatazama ndani, akarudisha kichwa nyuma, akatazama tena kama mtu asiyeamini macho yake (pua ilikuwa imeshaamini). Mama mkwe akachungulia. Sijawahi kusikia kanisa lile kimya namna hiyo, na kwenye kimya hicho ndipo binti yangu alipokumbuka kwamba alitumwa.

"Koko, papa anasema kile kitunga hakiko chako! Ni kushi za Kalunga!" Halafu akaona padri hajaelewa, akamgeukia yeye kwa upole, akamweleza vizuri, kwa sauti ambayo nadhani na wavuvi ziwani waliisikia: "Ni papa njo anabadirishaka bebe. Na anazifulaka yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, kila siku. Alisema tusiambie muntu!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Kanisa zima likaangua kicheko, upande wa wanaume nikasikia sauti za kituoni zinalia kwa kucheka, "Papa Kushi! Papa Kushi!", nami nimesimama pale na mtoto begani na ndakala mkononi, nimejianika mwenyewe. Padri akasubiri, akafuta macho, akaweka kitambaa mahali pake, akasema, "Tunatoleaka Mungu matunda ya kazi ya mikono yetu. Papa, na hii ni kazi." Akanirudishia kitunga cha Kalunga, akapokea cha ndakala, ngoma ikaanza tena.

Lakini mimi nilikuwa namwogopa mtu mmoja tu. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatetemeka, nikajua nimemliza mbele ya Mungu na watu, boti ya Jumanne imepata abiria wake wote. Halafu kitenge kikashuka. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akanitazama usoni. Nikasahau kugeuka.

Tukarudi nyumbani. Akaingia ndani, nikakaa nje na kitunga changu, nikisikia tu mazungumzo ya chini chini kati yake na mke wangu. Baadaye Neema akatoka, mikono nyuma, mjumbe rasmi.

"Papa, koko anauliza kama ni kweli unazifulaka kila siku."

"Muambie ni kweli."

Akaingia, akatoka.

"Koko anauliza ni sabuni gani."

Nikamtajia sabuni, nikaongeza kwamba ninasuuza mara mbili na ya mwisho kwa maji ya moto. Akaingia. Safari hii alikawia, mpaka nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Papa, koko anasema mama na sisi tutabakia hapa. Anasema Moba hakuna muntu wa kusuuza mara mbili."

Nililia, sioni haya kusema. Nilimbeba Neema nikamzungusha mpaka akaomba nimshushe, na Mama Neema akatokea mlangoni, na Kalunga, kwa kusherehekea, akajaza kushi nyingine.

Jumanne nilimsindikiza mama mkwe bandarini, yeye mbele, mimi nyuma na mizigo yake kama inavyotakiwa. Alikuwa ameomba kile kitunga cha Kalunga, akakiosha mwenyewe, akasema anakwenda kuwaonyesha wamama wenzake wa Moba na kuwaeleza kilibeba nini. Boti ilipoondoka alikaa amekipakata, uso ameugeuzia Moba, hakunitazama, na bila kugeuka akainua mkono juu.

Zile wiki tatu za kuzunguka njia ya nyuma zilipoisha nikaapa, sifuniki tena kitu. Kushi za Kalunga naanika mbele ya nyumba, kwenye kamba ya upande wa barabara, na vijana wa pikipiki wakipita wanapiga honi na kuniita Papa Kushi. Juzi mmoja wao alisimamisha, akazima injini, akatazama huku na huku kama hakuna anayemwona. Mke wake amejifungua wiki iliyopita, alitaka kujua ni sabuni gani.