Kiazi cha Nyongeza

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha Kifini, Mkuu wa Chuo alinipa chumba kilichokuwa juu ya duka la pembejeo mjini Eldoret, meza ndefu, na boksi la pakiti tupu: maziwa, unga, mayai. "Mwalimu," akasema, "hawa watoto wanaenda kutunza wazee Ufini. Kabla ya kutunza mtu lazima wale. Waanzie dukani."

Lugha hiyo niliipata ujanani, niliposomea misitu kule. Nilirudi nayo kama mtu anayerudi na koti zito: zuri, na halina pa kuvaliwa. Kwa hiyo nilifurahi.

Somo tuliliita igizo la duka. Mwanafunzi mmoja huketi mezani kama keshia, wengine hununua. *Hei*, ndiyo salamu. *Anteeksi, missä maito on?* Samahani, maziwa yako wapi? *Maksan kortilla*, nalipa kwa kadi. *Kiitos*, asante. Ukiondoka unasema *hei hei*, basi. Niliwafundisha pia kapula, kijiti kinachowekwa kati ya bidhaa zako na za mwenzako ili zisichanganyike, na kwamba matunda unayapima mwenyewe kwenye mizani. Nilifundisha mjini, nikahamishiwa tawi la Turbo, kisha nikarudishwa mjini tawi lilipofungwa. Boksi la pakiti lilinifuata kote.

Waliporudisha darasa langu mjini ndipo akaja Jerotich, kutoka mji mdogo wa Ziwa. Mama yake aliuza sukuma na kabeji soko la Ziwa, na msichana alikuwa amekulia chini ya meza ile. Kifini alikishika upesi kuliko wote. Shida ilikuwa moja. Hakuweza kununua bila kuongea.

"*Hei*," alimwambia keshia wetu, kisha akageukia Kiswahili: "Habari ya kwenu? Mvua imefika? Na hii maziwa, hutaniongezea kidogo? Mimi ni customer wako!"

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mimi nilitikisa kichwa.

"Jerotich, huko hawaongezi. Na foleni usimguse mtu. Acha nafasi ya ng'ombe mmoja kati yako na aliye mbele."

"Ng'ombe amelala ama amesimama, Mwalimu?"

"Amesimama kwa ubavu."

"Na mtu anaingiaje duka bila kuuliza watu hali? Kama mwizi?"

Mkuu wa Chuo alikuwa mlangoni. Baadaye aliniita ofisini. "Huyo akifika kwa mtihani wa mazungumzo na hiyo domo, anafeli. Mnyamazishe."

Nikamnyamazisha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na niliijua. Kila alipoanza habari za mvua niligonga meza kwa kapula, naye akarudi mwanzo. Mama yake alikuja kuniona mara moja, na kabeji mbili mkononi. "Mwalimu, nataka aende," alisema. "Lakini usinimalizie mtoto." Nikamwambia ni lugha tu tunayoongeza, hatupunguzi kitu. Wakati huo niliamini.

Mtihani aliupita akiwa wa kwanza. *Hei. Kiitos. Hei hei.* Mkuu wa Chuo alipiga makofi.

Kutoka Ufini alinipigia simu mwanzoni. "Mwalimu, ulisema ukweli. Nanunua, nalipa kwa mashine, narudi. Wiki imeisha na sauti yangu dukani hakuna aliyeisikia." Alicheka. Simu zilizofuata zilikuwa fupi, na ndani yake hakukuwa na kicheko.

Muhula niliostaafu, alikuja likizo. Mama yake akanialika Ziwa siku ya soko, na sote watatu tukapita kwa Mama Kiprop, muuza viazi, ambaye Jerotich alikuwa akipigania bei naye tangu utotoni. Mama Kiprop alimwona kwa mbali, akainuka. "Woi! Huyu ni Jero? Kuja nikuone! Leo utaniibia viazi ngapi?"

Mbele yetu palikuwa na mteja. Jerotich alisimama nyuma yake, mbali, akingoja. Ilikuwa nafasi ya ng'ombe, kwa ubavu. Zamu yake ilipofika alionyesha mkebe mmoja wa viazi kwa kidole, akalipa, akasema asante kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Mama Kiprop alibaki ameshika kiazi kimoja kikubwa, kile cha nyongeza, mkono ukiwa bado umenyooshwa. "Kwani nimemkosea wapi?" akauliza.

Mama Jerotich alikichukua kile kiazi mkononi mwa Mama Kiprop, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwalimu, na mtihani wa hapa pia amepita?"

Ninyi walimu wapya mnaotaka kufanya kazi hii, mtaniuliza nilikosea hatua gani. Nimetafuta tangu siku hiyo, na sijaiona. Kila neno nililompa lilikuwa sahihi.

"Amepita," nikasema.

Akaniwekea kiazi kiganjani, akamfuata mtoto wake.